Jina la Marshal lilikoma mwaka 1245, ukoo haukukoma

Wengi wanaofuatilia nasaba za makabaila wa Uingereza ya Zama za Kati hushika jina la ukoo na kulifuata kutoka baba kwenda mtoto wa kiume. Jina likikatika, huandika kwamba ukoo umekwisha. Nasaba zilizochorwa hivyo zimejaa mtandaoni, na nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya uzao wa mtu. Hakuna ukoo unaoonyesha hasara hiyo kama ule wa William Marshal.

William alizaliwa yapata mwaka 1147, mtoto wa nne wa kiume wa John Marshal, kabaila wa daraja la kati. Mtoto wa nne hakuwa na ardhi ya kungojea. Habari zake za utotoni tunazipata katika utenzi wa mistari zaidi ya 19,000 uliotungwa kwa Kifaransa cha wakati huo miaka michache baada ya kifo chake, kwa gharama za jamaa zake. Utenzi unasimulia kwamba mwaka 1152 Mfalme Stephen aliizingira ngome ya babake huko Newbury, akiwa amemshika William kama rehani. Alipotishia kumnyonga, baba alijibu kwamba bado anayo nyundo na fuawe za kufulia watoto wengine, tena bora zaidi. Mfalme hakuwa na moyo wa kumuua mtoto. Utenzi wa kumsifu marehemu lazima usomwe kwa uangalifu, lakini bila huo tungebaki na hati za ardhi tu, na mtu mwenyewe tusingemjua.

Akakua kuwa mpiganaji wa farasi mwenye sifa Uingereza na Ufaransa, akaitumikia nyumba ya mfalme kwa uaminifu. Utajiri wake, hata hivyo, haukutoka kwenye upanga. Mwaka 1189, akiwa amepita miaka 40, alipewa mke: Isabel de Clare, msichana wa miaka kama 17 aliyekuwa chini ya ulezi wa mfalme. Babake Isabel, Richard de Clare, alikuwa ameoa mwaka 1170 huko Waterford binti wa mfalme wa Leinster nchini Ayalandi, Aoife, mtoto wa Diarmait Mac Murchada. Kaka yake Isabel alifariki akiwa kijana, na kila kitu kikamwangukia yeye: Leinster, ngome ya Chepstow mpakani mwa Wales, na madai ya utawala wa Pembroke, magharibi mwa Wales. Aliyemwoa ndiye aliyekuwa bwana wa mali hizo, na ni mfalme aliyechagua mwoaji.

William alilijua hilo. Mwaka 1207 Mfalme John alipomwita atoke Ayalandi, utenzi unasema aliwakusanya mabwana wa Leinster huko Kilkenny, akamtanguliza mkewe mjamzito, akawaambia kwamba huyu ndiye bibi yao kwa kuzaliwa, na kwamba yeye mwenyewe hana haki yoyote pale ila kupitia kwake. Kwangu hayo ndiyo maneno ya kweli kuliko yote katika utenzi ule mzima.

John alipofariki mwaka 1216, mrithi wake Henry III alikuwa mtoto wa miaka tisa, na William akawa mlinzi wa ufalme. Mwaka uliofuata, akikaribia miaka 70, aliongoza jeshi lililoshinda vita vya Lincoln. Alifariki Mei 1219, akazikwa Temple Church, London.

Aliacha watoto 10: wa kiume watano, wa kike watano. Nani angedhani jina lingekatika? William wa pili alifariki mwaka 1231. Richard aliuawa Ayalandi mwaka 1234. Gilbert alikufa mwaka 1241 katika mashindano ya kivita ya farasi. Walter alifariki Novemba 1245, na Anselm akamfuata mwezi Desemba. Wote walirithi kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyeacha mtoto wa halali. Mwandishi wa historia wa wakati huo Matthew Paris, mtawa wa St Albans, aliandika kwamba askofu wa Ferns, Ayalandi, aliilaani familia hiyo kwa kulinyang'anya kanisa ardhi.

Sheria ya Uingereza ilisema hivi: wakiwepo wana, mkubwa huchukua ardhi yote, wasipokuwepo, mabinti hugawana sawasawa, na binti aliyekwisha kufa huwakilishwa na watoto wake. Basi milki ile ikapasuliwa mafungu matano. Maud, binti mkubwa, ndiye aliyepata Chepstow na kazi ya umarshal, yaani cheo cha kurithiwa katika nyumba ya mfalme, ambayo ikapita kwa mwanawe Roger Bigod. Sibyl alikuwa ameacha mabinti saba, hivyo fungu lake moja lilikatwa tena mara saba, kila mmoja akabaki na sehemu 1 ya 35 ya milki ya babu yao. Joan, wa mwisho, ndiye ambaye Pembroke ilipita kwake.

Sasa tazama uzao ulikofika. Isabel, binti wa pili, alimzaa Isabella de Clare aliyeolewa na Robert Bruce wa Annandale. Mjukuu wao ndiye Robert Bruce aliyetawazwa mfalme wa Uskoti mwaka 1306, yaani kilembwe wa William Marshal. Binti mwingine, Eva, alimzaa Maud de Braose aliyeolewa katika ukoo wa Mortimer wa Wigmore. Karne mbili baadaye Anne Mortimer alimzaa Richard, mtawala wa York, baba wa Edward IV aliyetwaa ufalme mwaka 1461. Hata dai la ukoo wa York la kiti cha enzi lilipita kwa wanawake wawili: Anne huyo, na kabla yake Philippa, mjukuu wa Edward III.

Tunayajua haya kwa sababu ya kodi na ardhi. Aliyeshika ardhi moja kwa moja kwa mfalme alipofariki, wenyeji waliapishwa wakaulizwa: alikuwa na ardhi gani, alifariki lini, mrithi wake nani, ana umri gani? Majibu yaliandikwa kwenye ngozi, na maelfu yake, kuanzia enzi za Henry III, yamehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Mabinti warithi wametajwa humo kwa majina, pamoja na waume zao. Umri uchukue kwa tahadhari, kwani mara nyingi waapishwa walisema tu "miaka 30 na zaidi". Jina la ukoo likikupotea njiani, liache, uifuate ardhi: angalia shamba au ngome fulani ilikwenda kwa nani, na kwa haki ya mama yupi.