Soseji imeshaiva, kazi bado

Wenye viwanda vidogo vya soseji hapa Dar wakiniita, huniuliza kwanza kuhusu nyama mbichi. Wana haki. Vijidudu vilivyokuwa juu ya mnofu, mashine ya kusagia huvipeleka hadi katikati. Ila soseji ikifika nyuzi 70 za Selsiasi katikati kabisa na kukaa hapo dakika 2, vijidudu kama Salmonela, E. koli na Listeria hufa. Kipimajoto kichomeke ndani ya soseji nene kuliko zote, si kwenye maji ya sufuria.

Mimi huanza kazi pale jiko linapozimwa.

Juzi nilimwomba kijana mmoja aifungue mashine ya kukatia vipande. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Alipotoa kinga ya kisu, tukakuta utando wa mafuta wa kijivu, laini kama siagi, unanuka uchachu. Hapo ndipo poloni, ile soseji nene ya kukatwa vipande, inapopita ikiwa imekwisha kuiva, kisha inafungwa na kuingia kwenye friji. Na Listeria haizuiliwi na friji: hata kwenye nyuzi 4 inazaliana polepole, wiki hadi wiki, na nyama haibadiliki harufu wala rangi.

Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, watu 1,060 walithibitika kuugua kwa Listeria na 216 wakafariki. Chanzo kilikuwa poloni, chakula kilichopikwa tayari. Watoto wachanga walikuwa wengi mno kati ya wagonjwa, kwa sababu kijidudu hiki hupitia kwa mama mjamzito na kumfikia mtoto tumboni. Takwimu hiyo siisahau kila ninapoona mashine chafu.

Kosa ninalolikuta karibu kila mahali ni kumwaga klorini juu ya mafuta. Klorini inaishia kwenye mafuta, kijidudu kilicho chini yake kinabaki salama. Sugua kwanza kwa maji ya moto na sabuni, suuza, ndipo utie klorini. Mtaro wa sakafuni usiupige kwa mpira wa presha, matone yanaruka hadi mezani.

Una chumba kimoja tu? Fungasha zilizoiva asubuhi, meza zikiwa safi, nyama mbichi iingie baadaye.

Yule kijana alisugua kinga ile kwa brashi hadi maji yakatoka meupe. Sasa anaifungua kila jioni kabla ya kuondoka, na skrubu zake anaziweka kwenye kikombe ili zisipotee.