Katuni ni namna ya kuchora, si umri wa mtazamaji

Wiki iliyopita, hapa Shangani mjini Mtwara, mzazi mmoja alinikabidhi flashi na kunieleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kutua mzigo wake, kwamba ndani yake mna filamu ya kuwaonyesha watoto wa darasa la awali siku ya kufunga muhula. Nilipomuuliza kama ameitazama, alijibu: "Mwalimu, hiyo ni katuni." Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha watoto wa miaka minne hadi sita na kuwachagulia vya kutazama, jibu hilo nimelisikia mara nyingi kuliko salamu, na safari hii nimeshindwa kulimeza.

Katuni ni namna ya kutengeneza picha. Haimtaji mtazamaji hata kidogo. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha katuni 45 zilizopata mapato makubwa, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1937 na ya mwisho ya mwaka 2013, na filamu 90 za drama kwa watu wazima. Takriban theluthi mbili ya katuni zilionyesha kifo cha mhusika muhimu, ilhali kwa filamu za watu wazima ilikuwa nusu, na hatari ya kufa kwa wazazi wa mhusika mkuu ilikuwa zaidi ya mara tano katika katuni. Watafiti wale walikuwa na utani kidogo, kwa sababu walitumia hesabu zilezile za kupima muda wa kuishi wa wagonjwa, lakini namba zenyewe hazichekeshi ukiwa umekaa mkekani na watoto thelathini.

Matusi, mapenzi na damu sitavizungumzia, kwa kuwa wazazi wengi wanavijua na vidole vyao viko tayari kwenye rimoti.

Kinachonikera ni utetezi unaofuata: "Lakini mwishoni anampata mama yake." Mtu mzima huingia katika filamu akiwa na mwisho wake mkononi, kwa sababu amekwisha kuona nyingi na anafahamu kwamba mtoto aliyepotea dakika ya ishirini atapatikana dakika ya themanini. Mtoto wa miaka minne hana mwisho huo. Kwake, dakika zile sitini hazielekei kwenye furaha. Ni saa nzima ya mtoto mwenzake asiye na mama, na mara nyingi furaha inapofika yeye amekwisha kuomba kwenda chooni na hataki kurudi. Nimewaona watoto waliosimuliwa mwisho mapema, kwa sauti iliyo wazi, wakaitikia, na bado wakalia palepale. Kuambiwa si sawa na kuwa na uhakika.

Jambo la pili hufanana na hilo. Watafiti wa Marekani Cynthia Hoffner na Joanne Cantor walionyesha, mwaka 1985, kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakimtazama bibi kizee katika filamu, humpima zaidi kwa sura kuliko wanavyofanya wakubwa wao: akiwa na sura ya kutisha ni mbaya, hata akitenda wema. Kwa hiyo lile dubwana lenye meno, ambalo mtunzi amelikusudia liwe rafiki, kwa mdogo bado ni meno. Sisi wa huku hatukuhitaji kusubiri utafiti. Kinyago cha midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kikitoka uwanjani Newala, mtoto hukimbilia nyuma ya kanga ya mama yake, na maneno ya kumtuliza hayamrudishi.

Hapo ndipo huletewa hoja ya zimwi: mbona sisi tulilala na hadithi za zimwi linalomeza kijiji kizima, na tumekua? Ni kweli, na hoja hii naiheshimu kuliko zote. Lakini bibi aliyekuwa akisimulia alikuwa ananitazama usoni. Zimwi lilikuwa kubwa kadiri nilivyoweza kulistahimili usiku ule, na nikikaza macho lilipungua meno au liliangukia kisimani mapema kuliko jana yake. Filamu haimtazami mtoto.

Kisha kuna daraja lililoandikwa kwenye kasha. Uingereza, daraja la U humaanisha filamu inayofaa kwa jumla kuanzia miaka minne, na hata huko filamu ya sungura ya mwaka 1978, Watership Down, ilibaki katika daraja hilo kwa zaidi ya miaka arobaini kabla ya kupandishwa kuwa ya kuongozwa na mzazi mwaka 2022. Isitoshe, daraja hilo hupimwa kwa mtoto anayesikia lugha ya filamu. Mtoto wangu wa Mtwara hasikii Kiingereza. Sentensi inayosema "usiogope, ilikuwa ndoto tu" kwake ni kelele, naye hubaki na picha na ngoma za kutisha. Ikiwa imetiwa sauti ya mtafsiri, kama zile za vibanda umiza, hali huweza kuwa mbaya zaidi, kwani mtafsiri huyo huongeza mizaha yake iliyokusudiwa kwa vijana waliolipa kiingilio.

Ndiyo maana huitazama kila filamu mara mbili, mara ya kwanza bila sauti na mara ya pili nikiwa nimeipa mgongo, kisha huandika daftarini dakika zinazonitia shaka. Ile ya mzazi wa Shangani ilipata dakika kumi na moja, nami nilimrudishia flashi yake.

Hata hivyo siwezi kudai kwamba daftari hilo linajua. Niliwahi kuwaonyesha watoto huko Lindi filamu fupi yenye nyoka, nikiwa nimejiandaa kuizima wakati wowote. Nyoka alipita wakacheka. Baadaye ndoo ikakatika kamba na kutumbukia kisimani, msichana mmoja akalia hadi alipochukuliwa na shangazi yake, na katika daftari langu ndoo haikuandikwa popote.