Ghalani kuna nini? Akiba ya nafaka ya Wafini na majirani zao

Nikiingia kwenye ghala la nafaka, kabla hata sijatoa kipima unyevu, nachomeka mkono kwenye rundo mpaka kwenye kiwiko. Nikikuta joto huko ndani, najua mambo yameharibika: ama mzigo uliingizwa ukiwa mbichi, ama fukusi wameshaanza kula. Ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo wakubwa wa Ulaya wanapojadili ulinzi na kuhesabu vifaru na droni, mimi nataka kujua ghalani kuna nini.

Wafini wana la kujibu. Nchi yao, Finland, inapakana na Urusi kwa zaidi ya kilomita 1,300, na akiba ya taifa inasimamiwa na taasisi iitwayo Huoltovarmuuskeskus, iliyoanzishwa mwaka 1993. Kwa miaka mingi kipimo chao kilikuwa nafaka ya kulisha watu angalau miezi 6. Ninachowaonea wivu hasa ni namna wanavyoilipia: kuna tozo ndogo kwenye umeme na mafuta inayokwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa akiba. Aliyewahi kukaa na wakulima waliokwishaleta magunia huku fedha za kununulia hazijatoka, atanielewa.

Hawa watu njaa wanaijua. Mwaka 1867 barafu ilikawia kuyeyuka hadi Juni, kisha baridi kali ikarudi Septemba na kuua mazao shambani. Katika njaa iliyofuata walikufa zaidi ya watu 100,000, na waliobaki walikuwa wakichanganya unga na maganda ya msonobari ili wapate mkate.

Kuna akiba nyingine isiyotajwa sana, nayo ni mbegu. Kiangazi cha Finland ni kifupi na mchana wake ni mrefu ajabu. Mbegu ya ngano ya Ufaransa ukiipanda kule, baridi itafika kabla haijakomaa. Mwaka mmoja mbaya ukiharibu mbegu, huwezi tu kupiga simu uletewe nyingine kutoka kusini. Kwa hiyo wanaweka akiba ya mbegu za aina zao wenyewe.

Wasweden walishika njia nyingine. Wakati wa Vita Baridi walikuwa na maghala yaliyojaa. Vita ilipokwisha, wakaona soko litawatosha, wakayaondoa. Leo karibu nusu ya chakula chao hutoka nje. Sasa wanaanza upya, na wameanzia kaskazini, kwa sababu ngano yao nyingi hulimwa kusini na barabara ya kwenda juu ni ndefu. Wanorwe nao walifuta akiba yao mwaka 2003, kisha mwaka 2024 wakasaini mikataba na kampuni binafsi ziwahifadhie tani 30,000 za kuanzia. Kuuza akiba ni kazi ya msimu mmoja. Kuirudisha kunataka ghala, mkataba, mzunguko wa kutoa ya zamani na kuingiza mpya, na mtu wa kuchomeka mkono.

Hata hivyo ghala likijaa, wasiwasi wangu hauishi. Mavuno ya kaskazini mara nyingi hutoka shambani yana unyevu wa asilimia 20 na zaidi, na hayawezi kuhifadhiwa mpaka yashuke hadi kama 14. Jua la Septemba kule haliwezi kazi hiyo, kwa hiyo kila shamba kubwa lina mashine ya kukaushia, na nyingi huchoma mafuta. Yakikatika mafuta wiki mbili za mavuno, mkate umekwenda. Mbolea ni hivyo hivyo: ile ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, na bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022 viwanda kadhaa vya Ulaya vilipunguza uzalishaji au kuzima mitambo. Mpangaji wa ulinzi anayehesabu magunia tu, bila dizeli na gesi, amehesabu nusu.

Wajerumani wameongeza usiri. Ngano, rai (ndiyo ya ule mkate wao mweusi) na oti zao za akiba, pamoja na mchele, kunde na maziwa mazito ya kopo, ziko katika maghala kama 150, na mahali yalipo hapatangazwi. Linalojulikana ni kwamba nafaka huwekwa karibu na vinu. Sababu iko wazi: ngano isiyosagwa haimshibishi mtu.