“Hakuna utafiti Kigoma”? Umetafuta wapi, Sista?

Jumanne iliyopita sentensi ile imerudi tena mezani kwangu. Safari hii imeletwa na muuguzi wa wodi ya wazazi, yuko mwaka wa pili wa uzamili kwenye chuo kimoja huko mashariki, amerudi Kigoma kukusanya data. Aliponiamkia nikaitikia, nikaipokea propozo yake na kwenda moja kwa moja ukurasa wa pili. Nyoka huyu shimo lake nalijua. Yeye kaandika kwa Kiingereza, ila kwa lugha yetu inasomeka hivi: “Hakuna utafiti wowote uliowahi kufanyika mkoani Kigoma kuhusu vifo vitokanavyo na uzazi.”

“Sista, umetafuta wapi?”

“Google, mwalimu. Na ile Google Scholar.”

“Siku ngapi?”

“Siku?” Akacheka.

Mimi ni mkutubi. Nimekaa na wauguzi wa uzamili muda wa kutosha kujua kwamba wengi wana akili kunizidi, na wamekesha zamu za usiku ambazo mimi nisingezimaliza. Lakini hao hao wasiothubutu kuandika kwenye faili “presha iko sawa” bila kumfunga mgonjwa mashine, wanaandika “hakuna utafiti” kwa dakika ishirini za bando.

Nikamfungulia makala. Mwaka 1995, jarida la Health Policy and Planning, waandishi Godfrey Mbaruku na Staffan Bergström. Neno Kigoma limo kwenye kichwa cha makala, halikujificha popote. Inaeleza yaliyofanyika hospitali ya mkoa huu huu kati ya 1984 na 1991: hatua 22, za gharama ndogo, zikitegemea vilivyokuwepo hapa hapa, na vifo vya wajawazito vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Wenzetu ng'ambo wanainukuu. Sisi tulio hatua chache kutoka wodi ile tunaandika kwamba haipo.

Kwa nini hakuiona? Si uvivu. Alikuwa ameweka kichujio: kuanzia 2020. Msimamizi kamwambia marejeo yasizidi miaka mitano.

Hii sheria ya miaka mitano ndiyo inayonipandisha presha mimi. Ukiandika kuhusu dozi ya oksitosini, ile dawa ya kuongeza uchungu wa uzazi, sawa, makala ya zamani inaweza kukuponza, maana miongozo hubadilika. Ila historia ya tatizo mahali fulani si dagaa wa Kibirizi, kwamba wakinyeshewa siku moja wakiwa hawajakauka basi wametupwa. Utasemaje vifo vimepungua au vimeongezeka kama umejikataza kusoma vilikuwa vingapi? Na kichujio hakikuambii kimeficha nini. Kinakuonyesha skrini nyeupe, nawe unaichukulia skrini nyeupe kuwa ni Kigoma. Najua pia kwamba msimamizi ndiye anayetia sahihi, si mimi. Ushauri wangu ni kuiweka makala ya zamani na kusubiri aikate mwenyewe kwa kalamu yake. Wengi hawaikati. Wakiikata, nakiri, sina dawa.

Tukaondoa kichujio. Bado yapo ya majina.

Anayetafuta kwa kuandika “Kigoma” anadhani kila aliyefanya utafiti hapa ameandika Kigoma kwenye ikisiri. Hapana. Mwandishi anayemlenga msomaji wa London anaandika “magharibi mwa Tanzania”, au “Tanzania vijijini”, au “wilaya tatu za Tanzania”, na jina la mkoa unalikuta ndani, kwenye sehemu ya mbinu, ambako utafutaji wa PubMed, ile hifadhidata ya bure ya makala za tiba, haufiki kwa kuwa unasoma vichwa, ikisiri na vibandiko vya mada, hausomi makala nzima. Nyarugusu ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Kambi hii ya wakimbizi imekuwepo tangu 1996, imeandikwa mno, uzazi na magonjwa ya akili na ukatili wa kijinsia, na nyingi ya makala hizo zinajitambulisha kwa jina la kambi au kwa neno “wakimbizi” peke yake.

Halafu wilaya. Kakonko, Buhigwe na Uvinza zimeanza mwaka 2012. Mwanafunzi wa Kakonko anaandika “Kakonko”, anapata kiganja kimoja cha makala, anatangaza jangwa. Kijiji chake kimo kwenye makala za Kibondo za miaka yote ya nyuma! Wa Buhigwe atafute Kasulu, wa Uvinza atafute Kigoma Vijijini. Ndugu zangu wa Tabora nanyi msicheke, wa Kaliua akatafute Urambo. Na anayeandika historia ya malale aende mbali zaidi, enzi za Tanganyika, ambapo Tabora na Kigoma zilikuwa pamoja katika Jimbo la Magharibi. Hakuna mashine itakayokufanyia kazi hiyo. Inataka mtu anayejua mkoa, na huyo ni wewe, si mkutubi wa Dodoma.

Vibandiko nilivyovitaja vinaitwa MeSH, yaani majina rasmi ya mada yanayobandikwa kwenye kila makala. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imekuwa ikivitoa tangu 1960, ili makala inayosema “vifo vya akina mama” na inayosema “vifo vya wajawazito” zikae kapu moja. Tanzania ina kibandiko chake. Kigoma haina. Kwa hiyo mada itafute kwa kibandiko pamoja na maneno ya kawaida, nchi iweke, kisha orodha ya majina ya hapa uiunganishe kwa OR. AND inapunguza, OR inaongeza. Kila mwaka kuna anayezigeuza, tuendelee.

Jambo dogo linalosumbua wengi: ukiandika neno kwenye PubMed bila alama zozote, yenyewe inalitafutia kibandiko chake, na tofauti ya tahajia ya Waingereza na Wamarekani mara nyingi inaimaliza kimya kimya. Ukiweka alama za kufunga na kufungua semi, au kinyota mwishoni mwa neno, msaada huo unauzima. Watu wanaweka kinyota wakidhani wanatanua wavu, kumbe wameutoboa. Nimemwona mmoja kaandika nurs na kinyota ili apate kila namna ya muuguzi. Akapata wauguzi, akapata vyumba vya watoto wachanga, akapata na akina mama wanaonyonyesha, maana kwa Kiingereza kunyonyesha nako ni kile kile. Maelfu ya makala. Akafunga kompyuta akaenda kunywa chai.

Tangu 2022 vibandiko vinabandikwa na mashine. Makala sasa hazikai muda mrefu bila kibandiko, hilo zuri. Ila siiamini sana, na hofu yangu ni kwa makala za kwetu, ambazo maneno yake hayafanani na yaliyozoeleka huko. Sina ushahidi, ni wasiwasi wa mtu aliyeshika kadi za katalogi kwa mkono.

Na PubMed si ya uuguzi. Ni ya tiba, wauguzi wamo kama wageni. Hifadhidata ya uuguzi ni CINAHL, ambayo mbegu yake ni kadi alizokuwa akiandika mkutubi wa hospitali Los Angeles, Ella Crandall, miaka ya 1940, kwa kuwa wauguzi walimuuliza makala na hakuwa na pa kuzitafuta. Ilichapishwa mara ya kwanza 1961. Nampenda mama huyo bila kumjua. Utafiti unaouliza mama alijisikiaje alipofokewa akiwa kwenye uchungu, utaukuta huko kwa urahisi zaidi kuliko PubMed. Inalipiwa, hivyo uliza chuo chako kama kimejiunga.

Hapo ndipo ninaposikia, “Mimi niko Kigoma, maktaba iko mbali.” Nywila uliyopewa siku ya usajili haijui uko wapi! Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuvifungulia vyuo majarida ya kulipia, ipo tangu 2002, anayesajiliwa ni chuo, wewe unaingia kupitia kwake. Ukiona ukurasa unadai dola thelathini na kitu, usilipe, rudi uingie kwa mlango wa chuo. Majarida ya Afrika yako kwenye tovuti ya AJOL. Tasnifu za vyuo vikuu vya Muhimbili (MUHAS) na Dodoma (UDOM) ziko mtandaoni, zisome, hata kama kuna aliyekwambia tasnifu hainukuliwi. Na orodha ya marejeo uliyoandikiwa na akili mnemba usiniletee mpaka umeifungua makala moja moja, kwa sababu ile kitu hutunga.

Sasa aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma nilimwambia muuguzi mmoja, kwa mdomo huu huu, kwamba kuhusu mada yake hakuna kitu. Nilikuwa nimetafuta siku tatu, hifadhidata zote, majina yote. Siku ya kutetea tasnifu yake mtahini akamuuliza kuhusu ripoti iliyokuwa kwenye kabati la ofisi moja hapa hapa mjini, nakala iliyopigwa chapa, haijawahi kuona skana. Vitabu vya mbinu vinasema acha kutafuta ukianza kukutana na yale yale. Mimi niliacha hapo hapo, nikaaibika hapo hapo. Tangu siku ile sijui kwa hakika utafutaji unaisha wapi. Ninachowaandikisha ni hiki: “Katika hifadhidata hizi, kwa maneno haya, hadi tarehe hii, hatukupata.” Wasimamizi wengine wanaiona sentensi hiyo ndefu.

Sista alirudi Alhamisi. Uso umemshuka.

“Mwalimu, umeniharibia. Pengo langu la utafiti limekwisha. Yameandikwa mengi, mpaka ule mradi wa vituo vya afya ulioanza 2006.”

Nikamwambia akae. Akazungusha zungusha kalamu, akaifungua tena ile makala ya 1995, kimya kirefu.

“Hizi hatua 22. Wodini kwetu zimebaki ngapi?”

“Hilo,” nikamjibu haraka, nimefurahi, “hakuna aliyewahi kulitafiti.”

Akaniangalia. Akatabasamu.

“Umetafuta wapi, mwalimu?”