Kumwaga mbegu juu ya kipara si kupanda nyasi

Theluji ikishayeyuka huku kaskazini mwa Marekani, Ohio, Michigan na Minnesota, swali huwa lilelile: uwanja wangu wa nyasi una vipara, nimenunua mfuko wa mbegu, nimezimwaga, nikafunika kwa udongo mweusi wa dukani, nikamwagilia, mbona hakuna kilichoota? Nimelijibu mara nyingi mno kwa sentensi mbili tatu. Safari hii nalijibu lote.

Najua dhana hii, kwamba kumwaga mbegu kunatosha, inatoka wapi. Wengi wetu tumekulia kwenye ukoka, au kwenye nyasi za kikuyu kama kwenu ni nyanda za juu za Kenya. Hizo hutambaa. Mvua ikianza unachomeka vipande vya mashina, vinashika, na kipara chenye upana wa sinia kinazibwa na nyasi za jirani bila mtu kushika jembe. Nyasi za huku ni za ukoo mwingine. Ni nyasi za baridi, asili yake Ulaya, hustawi hewa ikiwa nyuzi 15 hadi 24 za Selsiasi na hudhoofu joto likizidi. Blugrasi ya Kentucky (nayo ni ya Ulaya, jina lisikudanganye) ina mashina yanayopita chini ya udongo, kwa hiyo pengo la upana wa kiganja italiziba yenyewe. Feskyu ndefu na raigrasi ya kudumu humea kwa mashungi, wala hazitambai kwa kiasi cha kuhesabu. Kipara ndani ya feskyu kitabaki kipara mpaka upande wewe au yapande magugu.

Kabla ya mbegu, jiulize kilichoua nyasi. Hapa nitapita haraka. Mkojo wa mbwa: lowesha sana mahali hapo na uondoe sentimita chache za udongo wa juu. Funza weupe wa mbawakavu wa Kijapani, mdudu aliyeonekana Marekani mara ya kwanza New Jersey mwaka 1916: vuta nyasi kando ya kipara, na zikinyanyuka kama mkeka, hesabu funza katika mraba wa sentimita 30. Wakikaribia kumi, shughulikia wao kwanza. Udongo ulioshindiliwa: chukua bisibisi, ibonyeze kwa mkono kwenye udongo wenye unyevu. Isipozama mpaka mpini, mizizi nayo haitazama. Kivuli kizito cha mti: hapo panda feskyu za majani membamba, si blugrasi. Nami nakiri kwamba chini ya mti mkubwa wa mepo (maple) wenye mizizi juu ya ardhi sishauri tena kupanda chochote. Mbegu huota, mti unanyang'anya maji, na mwaka unaofuata mko palepale. Weka vipande vya mbao, yaishe.

Sasa jambo lenyewe. Mbegu huota kwa kuguswa na udongo pande zote. Mbegu kavu hunywa maji kutoka kwenye chembe zinazoigusa, kidogo kidogo, saa baada ya saa. Ile iliyolala juu ya nyasi zilizokufa ina bua kavu chini yake na hewa juu yake, na saa mbili za jua zinatosha kuikausha. Ikiwa haijaanza kuamka, inaweza kusubiri. Ikiwa imekwisha kunywa na kutoa kimzizi, haina pa kurudi: ikikauka hapo imekufa, hata ukiimwagia mtungi mzima jioni. Tazama vizuri uwanja uliomwagiwa mbegu hivi hivi. Vichipukizi vimejipanga kwenye nyufa na kwenye alama za viatu. Kwingine kote hakuna kitu. Nyufa na nyayo ndipo mbegu zilipokumbatiwa na udongo, na dawa yote ya vipara imo humo.

Kwa hiyo chukua reki ya chuma yenye meno magumu, si ile nyepesi ya kukusanyia majani. Kwangua kila kilichokufa mpaka uone rangi ya udongo, na uvuke ukingo wa kipara kwa sentimita 10 hivi uingie kwenye nyasi nzima, la sivyo utapata kisiwa chenye pete tupu. Kwatua sentimita 1 hadi 2. Kama bisibisi ilikataa, lima sentimita 10. Usiusage udongo ukawa unga, maana mvua ya kwanza itaufanya ukoko. Acha punje kama njegere. Rusha nusu ya mbegu ukienda na nusu ukikatiza, kisha pitisha mgongo wa reki ili zizame milimita 3 hadi 6. Zikibaki chache zinazoonekana ni sawa. Halafu kanyaga. Tembea juu ya kipara chote kwa viatu vya soli bapa, hatua fupi fupi. Watu huiona hatua hii kama utani wakairuka, na ndiyo inayobana mbegu na udongo pamoja.

Ule udongo mweusi wa dukani unaoniudhi una makosa mawili. Kwanza, sentimita tatu juu ya mbegu ni kaburi, hasa kwa blugrasi, ambayo mbegu yake ni ndogo na haina akiba ya kuifikisha juu. Pili, ukiweka tabaka laini juu ya udongo mgumu, mizizi hukaa kwenye tabaka laini na haishuki, na jua la Julai huikuta hapo. Kama kuna shimo la kujaza, changanya udongo mpya na wa chini kwanza, shindilia kidogo, ndipo upande juu yake. Cha kufunikia mbegu kiwe nusu sentimita tu ya mboji iliyochekechwa au ya piti (mimea iliyooza kinamasini). Piti ina faida moja ninayoipenda: ikikauka hupauka, kwa hiyo yenyewe hukuita umwagilie. Ila ikikauka kabisa hukataa maji. Mabua ya ngano nayo yanafaa, mradi bado uone nusu ya udongo kati yake. Usitumie nyasi kavu za mifugo, zimejaa mbegu zake.

Kiasi: feskyu ndefu au raigrasi, gramu 30 hadi 40 kwa mita moja ya mraba ya udongo mtupu. Blugrasi, gramu 10 hadi 15. Tofauti inatokana na ukubwa wa mbegu: kilo ya feskyu ina mbegu kama laki tano, ya blugrasi inazidi milioni mbili. Kipara cha sentimita 50 kwa 50 kinahitaji kama vijiko viwili vya chakula vya feskyu. Viwili tu. Ukimwaga kikombe kizima, miche itasongamana, itakuwa myembamba kama nywele, na kuvu itaifyeka usiku mmoja wa joto na unyevu.

Soma lebo. Sheria ya mbegu ya Marekani ya mwaka 1939 inadai iandike asilimia ya uotaji, tarehe ya kipimo na kiasi cha mbegu za magugu. Mfuko wa bei rahisi unaoahidi kijani cha haraka mara nyingi una raigrasi ya mwaka mmoja, itakayokufa na kukurudishia kipara. Mwingine una Kentucky 31, feskyu ya malisho iliyotolewa mwaka 1943: ina jani pana, na ndani ya uwanja wa blugrasi itaonekana kama mashungi ya gugu miaka yote. Mbegu zikiwa zimepakwa koti la rangi, lebo itasema koti ni sehemu gani ya uzito. Ongeza kipimo kulingana na hapo.

Kuhusu majira sitaki kulainisha: panda katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba ukiwa Minnesota, na ukiwa kusini mwa Ohio unaweza kufika mwisho wa Septemba. Udongo bado una joto, usiku umepoa, magugu ya kiangazi yanamaliza maisha. Mbegu za Aprili huota, sikatai. Ila hukua pamoja na magugu, ambayo huanza kuota udongo ukifika nyuzi 13 hivi, na huingia Julai zikiwa na mizizi ya kitoto. Kisha kuna wale wanaoweka dawa ya kuzuia magugu Aprili na mbegu Mei. Prodiamini, mojawapo ya dawa hizo, haibagui. Kwake kila kimzizi kichanga ni kimoja, cha gugu na cha nyasi uliyoinunua. Mesotrioni, dawa nyingine ya magugu, huruhusiwa wakati wa kupanda blugrasi, feskyu ndefu na raigrasi ya kudumu. Soma kibandiko chake kabla ya kufungua chupa.

Njia nyingine ni kupanda mwishoni mwa Novemba, udongo ukiwa chini ya nyuzi 5, mbegu zilale mpaka theluji iyeyuke. Kuganda na kuyeyuka kwa ardhi huzivuta chini. Naiamini kuliko kupanda Mei, lakini si kwa moyo wote: wiki moja ya joto Desemba inaweza kuziamsha, kisha jalidi ikaziua.

Maji ndipo kazi nzuri huharibika. Nyunyiza kidogo mara mbili au tatu kwa siku ili sentimita ya juu isikauke, bila madimbwi. Raigrasi huota kwa siku 5 hadi 10, feskyu 7 hadi 14, blugrasi 14 hadi 28. Sasa mfuko una mchanganyiko wa raigrasi na blugrasi. Siku ya nane kipara kimekuwa kijani, mwenyewe anafurahi, anafunga mpira wa maji. Blugrasi ndiyo kwanza inatoa vimzizi. Inakufa yote chini ya kijani kile. Endelea mpaka wiki ya nne, ukipunguza mara za kumwagilia na kuongeza kina polepole.

Kata nyasi zikifika sentimita 8 au 9, uache 6 au 7, kwa kisu kikali. Kisu butu hung'oa miche. Dawa ya magugu ya majani mapana isubiri mikato mitatu au minne.

Na kama umekwisha kumwaga mbegu Aprili hii, usimwage nyingine. Mwagilia kilichoota mpaka kiangazi kipite, ng'oa magugu kwa mkono, acha dawa. Wiki ya tatu ya Agosti toa reki ya chuma.