Mtoto Mchanga Hahitaji Maji: Dhana za Kunyonyesha Tunazorithishana Mombasa

“Joto hili la Mombasa, mtoto atakaaje bila maji?”

Hakuna dhana inayorudiwa mjini kwetu kama hii, na inaniuma kwa sababu anayeisema humpenda mtoto kwa dhati. Kaskazi ikishika, tangu Desemba hadi Machi, mzazi yuko ndani arubaini haijaisha, mtoto anatoka jasho, midomo imemkauka. Bibi yake huona ni ukatili kumnyima hata kijiko kimoja.

Ukweli ni kwamba karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi, na yale maziwa yanayotangulia kutoka huwa mepesi, ya kukata kiu. Jambo hili limepimwa katika nchi zenye joto kuliko letu, na watoto walionyonya maziwa ya mama pekee hawakupungukiwa maji mwilini. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya ya Kenya hushauri miezi 6 ya maziwa ya mama matupu, pasi na chochote kingine isipokuwa dawa aliyoandikiwa hospitali.

Na tuyatazame hayo maji yenyewe. Kuna mitaa ya Mombasa ambako mfereji hupitisha siku nyingi bila kutoa tone. Watu hununua mitungi kwa wenye mikokoteni au huteka maji ya chumvi kwenye visima vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo. Kipindupindu si kigeni kwetu. Hata maji yakichemshwa, bado kuna kikombe, kijiko na mkono unaomnywesha. Mtoto wa wiki tatu akianza kuharisha huweza kuzidiwa kwa muda mfupi sana.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno. Likijaa maji, hanyonyi. Na ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Maji ya asubuhi, glukosi ya mchana, dawa ya msokoto jioni: kila kimoja kimechukua nafasi ya kunyonya mara moja, na mwili wa mama umepata habari kwamba maziwa hayatakiwi.

Hapo ndipo huzaliwa dhana ya pili: “Maziwa yangu hayatoshi.” Wako kina mama ambao kweli maziwa yao ni machache, na hao wanahitaji msaada wa muuguzi, wasilaumiwe. Lakini wengi wana maziwa ya kutosha, ila wametiwa wasiwasi. Mtoto akilia kila jioni, mavyaa husema ana njaa. Akifika wiki ya tatu au ya sita, anataka ziwa kila baada ya muda mfupi, mama naye hudhani ameishiwa, kumbe mtoto anakua na anaongeza oda. Ukubwa wa matiti hausemi chochote. Tofauti kubwa hapo ni mafuta.

Dalili za kuangalia ni hizi: baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito aliozaliwa nao huwa umemrudia kufikia wiki ya pili hivi. Kama chuchu zinachubuka, tatizo mara nyingi ni namna alivyoshika. Mdomo uwe wazi sana, uchukue na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu. Muuguzi wa kliniki anaweza kukuelekeza hapo hapo.

Turudi nyuma kidogo, kwenye saa ya kwanza. Bado wako wanaokamua dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, na kuimwaga, eti ni maziwa machafu yaliyolala kifuani miezi tisa. Umanjano wake huwatisha. Hiyo dang'a ina kinga nyingi ya maradhi na vitamini A, na husaidia kutoa kinyesi cheusi cha kwanza. Huwa kidogo kwa sababu tumbo la siku ya kwanza hutosheka na vijiko vichache vya chai. Mtoto apewe ziwa ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, hata mama akiwa amepasuliwa, mradi hali zao zinaruhusu. Asali isimguse kabla ya kutimiza mwaka: inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Mama aliyetoka sokoni Kongowea juani huambiwa akamue kwanza ayamwage, maziwa yamechacha. Maziwa hayachachi ndani ya ziwa. Kuhusu kubemenda, ambako mume na mke hulaumiwa kwa kukutana mtoto akiwa bado ananyonya, mbegu za mwanamume haziingii katika maziwa. Hata mama akishika mimba, mara nyingi anaweza kuendelea kunyonyesha. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ghafla bila chakula cha maana. Qurani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na wataalamu wa afya nao wanasema miaka miwili au zaidi. Na Ramadhani, mama anayehofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kufungua.

“Mwenye virusi vya UKIMWI asinyonyeshe.” Kwa mama anayemeza ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi hivyo, kila siku na virusi vyake vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo, uwezekano wa kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha ni mdogo sana, chini ya asilimia 1. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga. Asikatize dawa, na ahudhurie kliniki yake.

Mama mwenyewe husahaulika katika mazungumzo haya, nami naona ni dhuluma. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini inayokaza tumbo la uzazi na kupunguza damu. Kadiri anavyonyonyesha kwa muda mrefu ndivyo uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti, saratani ya ovari na kisukari cha aina ya pili unavyopungua. Kunyonyesha pia huzuia mimba kwa takriban asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yote pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, atafute njia nyingine.

“Nikirudi kazini ndiyo basi.” Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha au kukamulia, na nafasi ya hadi saa moja katika kila saa 8 za kazi. Kwa anayefanya kazi hotelini Nyali au kiwandani Changamwe, hii ni haki ya kuidai. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na vyumba vyetu hupita hapo karibu mwaka mzima. Kwa hivyo yatiwe kwenye friji mara moja, ambako hudumu siku 4, au yabebwe na barafu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe safi badala ya chupa, na atakayoyabakisha yamwagwe baada ya saa 2.