Faili la saa kumi na mbili asubuhi: kutoa data kwenye databesi bila kuamka, na vituko vya Excel

Kuna kipindi simu yangu ilikuwa inaita kila siku saa mbili kasoro asubuhi na nilikuwa najua kabisa ni nani. Ni dada mmoja mhasibu wa SACCOS niliyokuwa naitunzia mifumo yake, na swali ni lile lile, "kaka, faili la marejesho ya jana limeshatoka?" Mimi hapo nipo kwenye daladala nimebanwa, laptopu iko kwenye begi, begi limepakatwa na mama mmoja siti ya mbele. Nikifika ofisini nafungua pgAdmin (programu ya kuendeshea databesi), narani kweri (swali unaloiuliza databesi), nabonyeza kitufe cha kupakua, namtumia. Dakika tano tu, ila dakika tano za kila siku, na ukisahau siku moja wewe ndo unaonekana umewachelewesha wote.

Nikasema hii lazima ijiendeshe yenyewe. Nikajipa jioni moja. Na kweli kutoa data kulichukua jioni moja, ila yaliyofuata yalinila miezi, na ndo hayo nataka niyaandike, maana ukitafuta mtandaoni watu wanakuonyesha amri ya kutolea tu halafu wanaishia hapo kama vile kazi imeisha.

Databesi yetu ni PostgreSQL, na amri yenyewe ya kutoa data kwenda faili la CSV (maandishi matupu, kolamu zimetenganishwa kwa mkato) ni hii:

psql -d saccos -c "\copy (SELECT * FROM v_marejesho_jana) TO '/data/ripoti/marejesho.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER)"

Uangalie huo mkwaju kabla ya neno copy, sio pambo. Ukiwa nao, faili linaandikwa kwenye mashine unayoitolea amri. Ukiutoa, seva ya databesi yenyewe ndo inaandika, kwenye diski yake, na itataka uwe superuser (yuza mwenye mamlaka yote) au uwe umepewa ruhusa ya pg_write_server_files. Wa MySQL mna INTO OUTFILE ambayo tabia yake ni hiyo hiyo, faili linakaa kwenye seva, mara nyingi kwenye folda iliyotajwa na secure_file_priv tu, tena kama faili lenye jina hilo lipo tayari inagoma kabisa. Yaani siku ya kwanza unashangilia, siku ya pili inakataa, kwa hiyo weka tarehe kwenye jina la faili. Kweri ndefu nimeificha kwenye viu (kweri iliyohifadhiwa kwa jina ndani ya databesi), hiyo v_marejesho_jana, ili wakitaka kolamu nyingine nisiguse skripti. Na yuza anayetoa data ana ruhusa ya kusoma tu, paswedi yake iko kwenye faili la .pgpass lenye ruhusa 0600 (mwenye faili tu ndo analisoma), ikizidi hapo psql inaipuuza.

Sasa cron, kile kinachoamsha amri zenyewe kwa saa uliyopanga. Meneja alitaka faili liwepo saa kumi na mbili asubuhi. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi akaandika 0 12 * * *, yaani dakika 0, saa 12, kila siku. Nikacheka sana, nikamwambia mdogo wangu kompyuta haijui saa za Kiswahili, nikabadilisha nikaweka 0 6. Kesho yake faili likaja saa tatu. Kumbe seva iko UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo saa kumi na mbili yetu ni 0 3. Kijana hakucheka, ana adabu.

Hayo masaa matatu yalinifuata hadi ndani ya kweri. Neno "jana" kwa seva ya UTC linaanza saa tisa usiku ya kwetu, sio saa sita. Mwanachama akilipa kwa simu saa saba usiku, na wapo wengi wanaolipa usiku, muamala wake unahesabiwa siku iliyopita. Ndo maana jumla yetu na taarifa ya kampuni ya simu zilikuwa zinapishana kila siku, leo elfu kumi na tano, kesho elfu hamsini, wahasibu wanatafuta mwizi. Dawa yake ni kugeuza kabla hujakata siku, (tarehe_malipo AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date, kama kolamu yako ni timestamptz (muda unaojua ukanda wa saa). Kingine cha cron, alama ya asilimia ndani ya crontab (faili la ratiba za cron) inageuzwa kuwa mstari mpya, so ukiandika date +%F moja kwa moja humo inakatika katikati na hutaelewa kwa nini. Weka kila kitu kwenye skripti, cron iite skripti basi.

Faili likaanza kutoka vizuri. Wiki ya pili simu ikaita tena, "kaka, namba za simu zimeharibika."

Nikafungua CSV kwa kihariri cha kawaida, namba ziko sawa. Nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake nimwangalie anavyofungua. Anabofya mara mbili, Excel inafunguka, na pale pale mbele ya macho yangu 0712 imekuwa 712, sifuri imeliwa. Zile zilizoanza na 255 zimekuwa 2.55712E+11, maana tarakimu zikifika 12 Excel inaandika kwa mtindo wa kisayansi. Hizo bado zinaokoka, ukipanua fomati namba inarudi. Kilio kilikuwa kwenye kolamu ya NIDA, kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel inatunza 15 tu, tano za mwisho zinageuka sifuri. Sio kwamba zimejificha, zimekufa, na ukibonyeza kusevu ndo umezika. Nikashusha macho kwenye skrini, wanachama wote wa SACCOS, kila namba ya NIDA inaishia 00000.

Na yeye hana kosa, mtu gani anafungua CSV kwa njia nyingine tofauti na kubofya mara mbili? CSV haibebi habari kwamba kolamu hii ni maandishi na ile ni namba, kwa hiyo Excel inakisia. Kuna watu watakwambia uandike ="0712..." ndani ya CSV ili Excel iheshimu, mimi siipendi, siku mfumo mwingine ukija kusoma faili hilo hilo unakula hizo alama za usawa kama data.

Nilichofanya, nikaacha kumpa CSV. Skripti ya Python inasoma kweri na kuandika xlsx (faili halisi la Excel) kwa maktaba ya XlsxWriter, na kolamu za simu, NIDA na namba ya uanachama naziandika kwa write_string, sio write ya kawaida. Ile ya kawaida ikikuta maandishi yanayoanza na alama ya usawa inayafanya fomula, na wewe hutaki mtu aliyejiandikisha kwa jina la ajabu aingize fomula kwenye kompyuta ya mhasibu. Kama mistari ni mingi washa constant_memory, inaandika mstari inausahau, RAM haijai. Ila kumbuka shiti moja ya xlsx inaishia mistari 1,048,576, na ile xls ya zamani 65,536. Msidhani ni utani, Uingereza mwaka 2020 idara ya afya ya umma ilipoteza kwa muda wagonjwa 15,841 wa korona kwenye takwimu zake kwa sababu ya xls kujaa.

CSV nimeibakiza kwa mifumo inayoongea na mifumo. Hata hiyo kama kuna binadamu ataifungua kwa Excel, tanguliza zile baiti tatu za BOM zinazoiambia Excel kwamba maandishi ni ya UTF-8, printf '\357\273\277' kabla ya data. Utasema Kiswahili hakina herufi za ajabu. Subiri mtu aandike Chang’ombe kwa simu yake, simu inaweka kile kikoma kilichopinda, Excel inakusomea Changâ€™ombe.

Halafu kuna lile la kimya. Jumatatu moja faili lilikuja na vichwa vya kolamu tu, chini hamna kitu. Cron ilifanya kazi, hakuna kosa lolote kwenye logi. Kumbe kuna mtu alibadilisha jina la hali ya muamala kutoka "imekamilika" kuwa "IMEKAMILIKA", viu ikawa haipati kitu. Saivi skripti inaandika kwanza faili la muda, inahesabu mistari, ndo inafanya mv (kubadilisha jina) kwenda jina halisi, ili asije mtu akafungua faili lililoandikwa nusu. Kisha inatuma ujumbe kwenye grupu letu wenye idadi ya mistari na jumla ya shilingi, kila siku, hata ikiwa sifuri. Siizuii sifuri, maana siku ya Idi sifuri inaweza kuwa kweli. Ujumbe usipokuja kabisa ndo nashtuka.

Mwisho nikaanza kuwaza haya mafaili yenyewe yanakaa wapi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023 na sisi tulikuwa tunarusha majina, simu na NIDA za watu WhatsApp kama vocha. Nikaweka find yenye -mtime +30 -delete ya kufuta ya zamani, na faili likawa linakaa folda ya pamoja ya ofisi. Nikamuuliza na dada, hii kolamu ya NIDA huwa unaitumia wapi? Akafikiria kidogo, akasema, "siitumii kaka, niliikuta tu." Nikaitoa.